Aksanti kwa mama wa taulo la moto, Bukavu

Mama uliyenikanda mabega pale Kadutu, sikupata kukuuliza jina. Kama maneno haya yatakufikia, ujue nakushukuru kwa moyo wote.

Nilikuja shingo imekaza, moyo unaenda mbio, usingizi umenikimbia. Wengine wangeanza kubonyeza kwa nguvu. Wewe ulimimina maji ya termosi kwenye beseni, ukakamua taulo, ukalijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono wako, ndipo ukaniwekea mabegani. Ukangoja. Ulinieleza kwamba joto hupanua mishipa ya damu na kulegeza misuli, na kwamba mwili wenye hofu haukandwi kwa haraka. Uvumilivu huo ndio ulionigusa zaidi.

Kisha kitambaa cha maji baridi, kwenye paji la uso na kuzunguka macho. Nilishtuka kidogo, halafu moyo ukapunguza mwendo. Muuguzi mmoja wa kwetu alinieleza baadaye: baridi ya usoni huamsha neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na mapigo hupungua.

Nilikuona pia ukimuuliza mzee mwenye kisukari kama nyayo zake bado zinahisi, kabla hujamwekea maji ya moto. Ni wachache wanaouliza hivyo, na mtu asiyehisi anaweza kuungua bila kujua.

Ulikataa nikuongezee pesa. Basi pokea aksanti hii, mama, wewe na watoto wako. Mungu akuzidishie nguvu za mikono.