Kayaki ya kujaza upepo: kilo zilizopungua zimetoka wapi?

Wateja wengi huanza na swali moja: ina kilo ngapi? Swali lina maana kwa mtu asiye na gari, anayepanda matatu hadi Naivasha au kuvuka feri ya Likoni na mzigo mgongoni. Ila uzito haupungui bure. Kiwanda kikitoa kilo tatu, kimezitoa kwenye unene wa kitambaa, kwenye urefu, kwenye sakafu au kwenye idadi ya vyumba vya hewa, na pengo hilo utalikuta majini. Kwa hiyo kabla ya mizani, tuambie maji yako. Chagua kwa yale makali kuliko yote unayokusudia kuingia, hata kama utayaingia mara mbili tu kwa mwaka.

Pwani

Mtwapa, Kilifi na Mida yanaonekana maji ya kitoto, na ndiko kayaki nyingi hupasuka. Chaza waliogandama kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe, na matumbawe hufanya kazi ileile polepole chini ya tumbo. Kayaki ya nailoni nyembamba isiyopakwa tabaka nene haifai hapa. Tafuta kitambaa cha polista kilichopakwa PVC pande zote mbili, denia (kipimo cha unene wa uzi) 840 au 1000, chenye tabaka la ziada kwenye tumbo na chini ya pua.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa Zanzibar na Dar es Salaam hukaribia mita 4, na maji hayashuki kwa kasi moja: karibu nusu yake yote hupwa katika saa ya tatu na ya nne. Ukiwa ndani ya mlango wa mwamba (pengo la kupitia kwenye matumbawe) saa hizo, kayaki nyepesi haitaushinda mkondo hata uwe na mabega ya mvuvi. Anayeanza aende siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, aingie maji yanapojaa.

Halafu kuna upepo. Kusi kikivuma, kila mtu huona povu na kubaki nchi kavu. Wanaodanganyika ni wa asubuhi, wakati wa umande: ufukweni kumetulia, maji ni kioo, kumbe upepo unatoka bara na kukusukuma nje. Kayaki ya upepo huelea juu sana na sehemu ndogo tu imeshika maji, hivyo hupeperuka kuliko ya plastiki ngumu. Ukianguka, ishike kwanza, kafi baadaye. Ikikuacha mita kumi, huenda usiipate tena kwa kuogelea. Kwenye bahari na ziwa, kamba ya kifundo cha mguu ni rafiki. Kwenye mto wenye maporomoko usijifunge kamba yoyote, kwa sababu ikinasa kwenye jiwe au gogo, mkondo utakuzamisha ukiwa umefungwa.

Ziwa na mto

Ziwani, iwe Victoria, Tanganyika au Naivasha, kinachokuokoa ni kwenda moja kwa moja. Chombo kifupi chini ya mita 3 huyumba pua kwa kila pigo la kafi, na unachoka nusu ya safari. Mita 3.2 hadi 3.6 kwa mtu mmoja, upana wa sentimita 80 hivi, pamoja na pezi la kuchomeka chini nyuma, vinatosha. Rudi kabla ya upepo wa alasiri. Pale Naivasha kaa mbali na mafunjo, kwani kiboko hajali denia.

Mto unataka kinyume. Pezi litolewe, la sivyo litang'oka na kiti chake kwenye jiwe la kwanza. Kina kinachohitajika ni kidogo, chombo kifupi hugeuka upesi, na matundu ya kutolea maji ndiyo yanayokuwezesha kuendelea baada ya wimbi kuingia. Kwenye ziwa matundu hayohayo hukulowesha makalio siku nzima, hivyo yawe na vizibo. Kayaki nyepesi ya matumizi mchanganyiko ni ya maji ya daraja la 1 hadi la 2 (namba ikipanda, mto ni mkali zaidi), na la 3 kwa aliyefundishwa. Maporomoko makubwa ya Naili karibu na Jinja yanafika daraja la 5. Hayo waachie waongozaji na vyombo vyao, hata kama muuzaji amekuonyesha video.

Aina zilizopo

Za vinili tupu, bila kitambaa ndani, ni za bwawa la kuogelea. Ajabu ni kwamba si nyepesi hata kidogo, kwani ya watu wawili hufika kilo 14 hivi. Zenye ganda la kitambaa na mifuko ya hewa ndani ni rahisi kutengeneza (unabadilisha mfuko kama tyubu ya baiskeli), lakini hunyonya maji, na kwa unyevu wa pwani hushika ukungu ukizikunja mbichi. Zile ngumu kila upande, ambazo ndani yake maelfu ya nyuzi hushika kuta mbili zibaki bapa kama ubao, zina kasi nzuri sana ziwani, ila nyingi hupita kilo 15, na kwenye mawimbi ya ubavuni hazisamehei. Pakirafti, kiboti kidogo cha kujaza upepo cha kubeba mgongoni, ina kilo 2 hadi 5, inaingia kwenye begi la kawaida, na ni chaguo letu kwa anayetembea kwa miguu hadi mtoni. Ukiipeleka bahari wazi itakuonea.

Kwa mtu wa Mtwapa Jumamosi hii, Naivasha mwezi ujao na mto Sagana siku moja moja, tunashauri mseto: mabomba ya ubavuni ya PVC, sakafu ngumu ya nyuzi inayotolewa, matundu yenye vizibo, pezi la kutoka, na vyumba vya hewa visivyopungua vitatu vyenye vali zake. Itakuwa kilo 13 hadi 16. Ongeza pampu, kafi la vipande vinne na jaketi la kujiokolea, mgongoni utabeba kama 18, na wakati wa kurudi uongeze maji na mchanga. Uwezo wa kubeba ulioandikwa kwenye boksi uhesabu asilimia 70 tu. Ukizidi hapo, hubeba bado, lakini hukaa kama beseni.

Presha

Hapa ndipo lawama nyingi za "kayaki mbovu" huanzia. Mabomba ya ubavuni hutaka psi (kipimo cha presha ya hewa) 2.5 hadi 3.5, sakafu ya nyuzi psi 8 hadi 10 (soma namba iliyochapwa karibu na vali, ndiyo yenye mamlaka). Ikipungua, chombo hujikunja katikati na kwenda polepole. Usijazishe kwa fundi wa matairi. Kompresa yake imezoea psi 30 na zaidi, na mshono hupasuka kabla hujasema basi. Tumia pampu ya mkono yenye geji, isukumayo ikipanda na ikishuka. Jaza kila chumba nusu kwanza ili kitambaa kikae sawa, ndipo umalizie. Kwenye vali za springi hakikisha kijipini cha katikati kimeinuka. Kikibaki chini, ukitoa mpira wa pampu hewa yote inakurudia usoni.

Jua nalo ni pampu. Bomba lenye psi 3 kwa nyuzijoto 25, likifika nyuzijoto 50 kwenye mchanga, linakuwa na psi 4.5. Ukitoka majini kwa chakula, punguza hewa au uweke kivulini. Kinyume chake, uliyoijaza juani hulegea ikigusa maji, kwa hiyo ielee dakika kumi kisha uongeze. Kimo nacho ni vivyo hivyo: Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya bahari, na kayaki iliyofungwa juu ya gari ikiwa imejazwa Mombasa itapata karibu psi 3 za nyongeza njiani. Isafirishe ikiwa tupu.

Ikivuja

Kwanza safisha vali. Pancha nyingi tunazoletewa ni punje moja ya mchanga kwenye mpira wa vali. Kama sivyo, paka maji ya sabuni utafute mapovu. Kiraka cha PVC kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, kona zake ziwe za mviringo. Futa pote kwa asetoni, paka gundi ya PVC tabaka mbili nyembamba, subiri inate kwenye kidole bila kukifuata, kisha kandamiza kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati. Acha saa 24. Solusheni ya tyubu ya baiskeli haishiki PVC. Itakaa kwa matumaini mpaka maji yaguse. Fanya kazi hiyo mchana mkavu, maana unyevu wa asubuhi huganda juu ya gundi na kiraka kubanduka kama ganda la yai.

Ya kununua, dukani kwetu au kwingine, omba ijazwe na ilale usiku mzima kabla hujalipa. Kushuka kwa nusu psi kwenye mabomba alfajiri ni baridi tu: kutoka nyuzijoto 30 hadi 22, psi 3 hubaki 2.5 bila tundu lolote. Ikishuka zaidi ya hapo, omba ndoo na sabuni palepale.