Tiketi ya Mzee Kombo

Shoga yangu Saumu,

Assalam alaikum. Najua nimenyamaza sana, utanigombeza siku nyingine. Nimesikia mnachangishana nauli ya Mzee Kombo aje Toronto kumtolea ushahidi Hamadi kwenye rufaa. Tafadhali, tiketi hiyo msiikate!

Nimekaa na Hamadi tukasoma hukumu yote. Yeye adhani rufaa ni kesi kuanza upya, kila mtu asimame tena aseme yake. Wapi! Mahakama ya Rufaa ya Ontario, pale Osgoode Hall, kwa kawaida huketi majaji watatu, na mashahidi hawaitwi. Wanasoma mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, na hoja za maandishi za mawakili, wanawabana kwa maswali, basi. Wanachotafuta ni kama jaji wa kwanza alikosea. Akikosea sheria, wanamsahihisha. Lakini nani alisema kweli, hilo humwachia yeye, ila kosa liwe la wazi na limegeuza matokeo. Na jaji alimwamini yule mshirika wake wa gereji aliyemshinda kesi, akaeleza kwa nini.

Ushahidi mpya hukubaliwa kwa nadra, na watauliza mbona haukuletwa mwanzo. Mzee Kombo alikuwa wapi? Likoni, simu mkononi, kila Ijumaa akitutumia dua! Hamadi mwenyewe hakutaka kumwita.

Kinachoninyima usingizi ni siku. Ana 30 tu tangu hukumu kuwasilisha notisi ya rufaa. Akiwasilisha, kulipa deni kunasimama mpaka rufaa iamuliwe, na hilo limemfurahisha utadhani keshashinda. Kwamba akianguka huenda akabebeshwa na gharama za mwenzake, hataki kusikia. Baada ya hapo ni Mahakama ya Juu, Ottawa, nako kesi kama hii lazima uombe kwanza ruhusa ya kukata rufaa, na wengi hunyimwa.

Wakili ameona jambo moja: kanuni iliyotumiwa kukokotoa hasara huenda siyo iliyostahili. Hapo pana pumzi kidogo. Basi mchango wenu ulipie kuchapisha mwenendo wa kesi, maana gharama hiyo ni ya mkata rufaa. Na tiketi, narudia, hapana.

Mzee keshaomba viza? Pesa anashika nani, si Swaleh tena? Mamake Hamadi ajua deni ni kiasi gani? Utamwambia wewe, au nipige mimi? Na Rukia, kajifungua?

Wako,
Mwanaisha