Benki itueleze makato ya ovadrafti

Mhariri,

Nauza samaki hapa Malindi. Mwezi uliopita nililipia barafu kwa hundi, na akaunti ikapungukiwa shilingi 140 tu. Benki ilijazia pengo hilo, ndiyo ovadrafti, kisha ikanikata shilingi 900: riba, ada ya ovadrafti na “ada nyingine”. Nyingine ipi? Karani alisema ndivyo mtambo unavyokata, akamwita mteja aliyefuata. Nilibaki nimeshika karatasi yangu.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo ya huduma anayopewa. Naomba Benki Kuu izihimize benki zieleze kila shilingi, kwa Kiswahili, kabla ya kukata. Msimu huu wa kusi, bahari imechafuka na samaki ni haba, shilingi 900 ni barafu yangu ya siku mbili.

Mchuuzi wa samaki,
Malindi