Maji ya nyuzi 85

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Swahiba wangu Baba Nasra,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Mama Zuhura anakusalimu, na amenituma nikwambie safari hii usije mikono mitupu, ile ahadi ya migebuka ya kukaushwa bado anayo kichwani.

Uliniuliza kwenye simu, huku unacheka, inakuwaje mtu akae Dar, bahari iko pua na mdomo, halafu afuge samaki wa ziwa lenu la Tanganyika kwenye sanduku la kioo na kuwawekea kompyuta ya kuwalinda. Nilikujibu ovyoovyo kwa sababu salio lilikuwa linaishia. Sasa nimekaa, chai iko pembeni, nikueleze vizuri, maana umesema vijana wako wa klabu ya sayansi wanataka kutengeneza mtambo kama huo, na sipendi watumbukie kwenye mashimo niliyotumbukia mimi.

Samaki wenyewe ni wale wadogo wa kwenye makombe ya konokono. Wataalamu wanawaita Neolamprologus multifasciatus. Mkubwa wao hafiki urefu wa kidole chako cha kati. Nililetewa na jamaa mmoja anayewazalisha nyumbani kwake Mbezi. Kila mmoja ana kombe lake, na kutwa nzima kazi yao ni kuhamisha mchanga kwa mdomo, punje kwa punje, mpaka kombe linazama na kubaki mlango tu. Jirani akitema mchanga upande wa mwenzake, hapo utaona ugomvi wa mipaka ambao hata baraza la kata lisingeuweza. Mimi nikitoka kazini nakaa mbele yao nusu saa nzima. Mama Zuhura anasema siku hizi nina runinga yangu.

Tangi lina urefu wa mita moja, upana sentimita 40 na kimo sentimita 50. Ukilijaza mpaka ukingoni ni lita 200. Shida yake ni joto. Maelekezo mengi ya ufugaji huu yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kila ukurasa hita, hita, hita. Na mimi kwa kuiga nikanunua hita, nikaitumia siku chache za Julai, sasa iko juu ya kabati. Kwetu kazi ni kupoza. Kuanzia Desemba mpaka Machi maji yanapanda mpaka nyuzi 31 yasipoangaliwa, na maji yakipata joto hewa yake inapungua: kwenye nyuzi 25 lita moja inabeba kama miligramu 8 za oksijeni, kwenye 30 inashuka mpaka kama 7 na nusu. Unaweza kuona tofauti ni ndogo, lakini samaki naye kwenye joto anahema zaidi.

Dawa rahisi ni feni. Nimefunga feni mbili za kompyuta, za volti 12, zinapuliza juu ya uso wa maji. Maji yanapogeuka mvuke yanaondoka na joto, ni mtungi uleule wa bibi ukiwekwa kivulini. Kwa unyevu wa Dar napata nyuzi mbili, siku nzuri tatu. Gharama yake ni kwamba maji yanashuka kama vidole viwili kwa wiki, inabidi kuongeza. Wapo wanaofunga pampu ijaze yenyewe kwa boya. Mimi naongeza kwa ndoo. Boya likikwama, pampu itamwaga pipa zima sebuleni, na ndoa yangu naipenda.

Sasa nani awashe feni mchana, azizime usiku, awashe taa asubuhi, na mimi niko kazini? Ndipo nikanunua Raspberry Pi. Ni kompyuta nzima kwenye kibao kimoja kinacholingana na kitambulisho cha NIDA. Iliundwa Cambridge, Uingereza, ili wanafunzi wajifunze kuandika programu, na ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 2012. Yangu ni 3B+, toleo la 2018, niliipata ikiwa imetumika, kwa bei ya mbuzi mmoja na kuku wawili. Pembeni ina pini 40, na hizo pini ndizo tofauti yake na laptopu: unaweza kuziamuru ziwashe kitu au zisome kitu. Waambie vijana mapema kwamba pini hizo zinazungumza kwa volti 3.3. Ukiingiza volti 5 kwenye pini ya kusomea, unaweza kuwa umeshaua kibao, wala hutasikia mlio.

Sensa ya kupimia joto inaitwa DS18B20. Unaagiza ile iliyofunikwa kikofia cha chuma cha pua, yenye nyaya tatu: nyekundu ya umeme, nyeusi ya hasi, na ya njano ya kupeleka habari. Kati ya nyekundu na njano weka rizista, kile kijidude cha kuzuia umeme, ya kiloomu 4.7. Usipoiweka, kompyuta itakwambia haioni kitu chochote, na utashinda siku nzima unakagua nyaya zilizo sawa. Mimi nilishinda siku mbili. Ikishaonekana, Pi inakufungulia faili lenye mistari miwili tu. Wa kwanza unaishia na neno YES, yaani habari imefika bila kuharibika, na wa pili unaishia na kitu kama t=26312. Gawa kwa elfu moja: nyuzi 26.3. Siku ya kwanza nilipoishika sensa ile kiganjani nikaona namba zinapanda, nilimwita Zuhura aje aone joto la mkono wa baba yake. Akatazama, akasema "haya", akarudi kwenye katuni zake.

Programu niliandika kwa Python, lugha mojawapo ya kompyuta, mistari kama sitini. Ikizidi 27.5 washa feni, ikishuka chini ya 26.5 zima. Ile nafasi ya nyuzi moja katikati ni lazima iwepo, la sivyo rilei, ile swichi inayoendeshwa na kompyuta, itakuwa inagonga tik-tak usiku kucha kama saa ya ukutani. Taa ziwake saa mbili asubuhi, zizimwe saa mbili usiku. Na hapa, ndugu yangu, nicheke mwenyewe kabla hujanicheka. Mtoto wa Kiswahili mimi, nikaandika 2. Kompyuta haijui saa zetu. Saa nane usiku sebule ikawaka kama ukumbi wa harusi, na samaki wakatoka kwenye makombe wakidhani kumekucha. Nikarekebisha, 8 na 20, ikatulia. Wiki mbili baadaye taa zikakesha tena. Safari hii kosa lilikuwa la kibao: hakina betri ya kutunza saa, kinategemea intaneti. Umeme ulikatika saa kumi jioni, ukarudi saa nne usiku, intaneti haikurudi, kibao kikaamka kikiamini bado ni saa kumi. Nikanunua kisaa cha DS3231 chenye betri ya duara, hilo likaisha.

Sasa nikufikishe kwenye lenyewe. Nilikuwa nimeiambia mashine initumie ujumbe wa Telegram maji yakizidi 30. Siku moja niko kwenye daladala, Buguruni, simu ikalia: "Maji: nyuzi 85." Nikampigia Mama Zuhura nikimwambia kimbia, zima kila kitu, samaki wanachemka. Akaenda, akatia mkono. Akaniambia, "Baba Zuhura, maji ni maji tu. Wewe ndiye unayechemka." Kumbe sensa ile ikipata umeme upya na ukaisoma kabla haijapima, inakupa 85 kama namba ya kuanzia, na umeme wetu siku hiyo ulikuwa unakonyeza. Mimi niliyejiona mjanja nikaongeza sharti kwenye programu: namba yoyote iliyo chini ya 18 au juu ya 36 itupwe, endelea na ile nzuri ya mwisho.

Usome tena sharti hilo, maana ndilo lililoniulia samaki.

Februari tulikwenda msibani Bagamoyo, tukalala huko. Nyumba tumefunga madirisha yote. Jioni nikachungulia simu: 27.437. Baada ya isha: 27.437. Alfajiri: 27.437. Nikamwonyesha shemeji, nikamwambia ona utulivu huo, hata hospitali hawana. Tuliporudi mchana, kipimajoto cha kioo kinasoma 32, samaki wote wako juu wanatweta midomo wazi, na feni zimesimama kimya. Sita walikuwa wameshakufa. Watatu kati yao ni wale wa mwanzo kabisa.

Sensa ilikuwa ya bei poa, maji yameingia pale waya unapopenya kwenye kikofia. Tangu mchana wa jana yake ilikuwa inatoa upuuzi, na programu yangu kwa utii kabisa ilikuwa inautupa huo upuuzi na kurudia namba nzuri ya mwisho. 27.437, chini ya 27.5, feni hazina sababu ya kuwaka. Na mimi ningejua tu kama ningefikiri kidogo. Sensa hii inatofautisha hata sehemu moja ya 16 ya nyuzi, na hakuna maji duniani yatakayokaa usiku kucha bila kusogea hata kiasi hicho.

Basi nikaanza upya, na safari hii swali la kwanza kwa kila waya lilikuwa: hiki kikifa, samaki watapata nini? Rilei ina matundu matatu, la katikati, lililofungwa na lililo wazi wakati imelala. Mwanzo feni nilizipitisha kwenye lililo wazi, kwa hiyo mashine ikizirai feni zinazirai nazo. Sasa zinapita kwenye lililofungwa: rilei ikilala feni zinazunguka, na kompyuta inafanya kazi ya kuzizima, haina kazi ya kuziwasha. Chomoa kibao chote ukitupe nje, feni zitaendelea. Pampu ya hewa sikuiunganisha na kompyuta hata kidogo, iko kwenye umeme wake na ina betri yake.

Sensa sasa ni mbili, kila moja pembe yake. Zinatumia nyaya zilezile tatu kwa sababu kila moja imezaliwa na namba yake. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi moja, king'ora. Namba ya zamani zaidi ya dakika tano programu haiiamini: feni zinawaka na king'ora kinalia. Na ndani ya Pi kuna mlinzi wa saa, programu isipomgusa kila baada ya sekunde kadhaa anaiwasha kompyuta upya. Nimejaribu yote kwa mkono, nikichomoa waya mmojammoja huku Zuhura ananiandikia kilichotokea. Vijana wako nao wafanye hivyo, wachomoe kabla umeme haujawachomolea.

Mengine nitakwambia mbiombio. Usitumie chaja ya simu, Pi itaonyesha alama ya radi ya njano na kuanza kuyumba. Hiyo 3B+ inataka ampea 2.5. Memori kadi inaharibika umeme ukikatika inapoandikwa, kwa hiyo usiandike kila sekunde, na kadi ya akiba iwepo droo ya karibu. Waya wowote unaotoka kwenye tangi uning'inie chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, maji yakifuata waya yadondoke sakafuni. Na fundi awafungie breka ya kuhisi umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, kabla mwanafunzi hajatia mkono majini. Kipimo cha pH, cha kuonyesha maji yana asidi au magadi kiasi gani, nilinunua, nikaunganisha, nikakitoa: kinahama chenyewe na kutaka kusahihishwa mara kwa mara. Napima kwa dawa ya matone, na nimeweka changarawe ya chokaa. Maji ya ziwa lenu yanakaribia pH 9, huko uchafu wa samaki ni sumu kali zaidi, kwa hiyo la muhimu kuliko mtambo wowote ni kubadilisha maji. Kama hawataki kuandika programu wenyewe, ipo ya bure inaitwa reef-pi, ilitengenezwa kwa wafugaji wa matumbawe. Ila mimi nawashauri waandike.

Nina ombi moja. Namba zangu za 26.5 na 27.5 nimezitoa kwenye maandishi ya watu. Wewe unakaa mwendo wa dakika kumi kutoka ufukweni. Chukua kipimajoto, uwape vijana zamu, wapime pale kwenye mawe, kina cha magoti na kina cha kifua, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, wiki nzima. Usinitumie wastani. Nitumie namba zote kama zilivyo, hata zile zitakazoonekana za ajabu.

Msalimie Mama Nasra na watoto.

Wako,
Baba Zuhura