Jalada Lina Mwenyewe

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, na mama anauliza kama Bagamoyo umeshaizoea. Nimefurahi kusikia umepangiwa masijala, pale ofisi inapotunza majalada yake, upande wa majalada ya watumishi. Wako watakaokwambia umetupwa stoo. Usiwasikilize.

Fungua jalada binafsi lolote hapo: barua ya ajira, vyeti, majina ya wategemezi, namba ya akaunti, likizo ya uzazi, barua ya daktari, barua ya onyo ya zamani ambayo mwenyewe anaomba isahaulike. Mwalimu wa Zinga au muuguzi wa Fukayosi hakutuletea hayo kwa kutupenda. Aliambiwa alete, akaleta, kwa sababu bila hivyo hapati mshahara. Hakuwa na nafasi ya kukataa. Ndiyo maana mimi naona deni letu kwake ni kubwa kuliko la benki au la duka, ambako mtu akichukizwa huondoka.

Na siri hizi, shoga, ni nadra kuibiwa usiku. Huombwa mchana kweupe, tena kwa adabu. Atakuja wakala wa mikopo anataka kujua makato ya fulani. Atakuja mume anayeulizia mshahara wa mkewe. Atakuja mwenzako wa ofisi ya pili: "Nipigie picha ukurasa mmoja tu, unitumie WhatsApp." Huyu wa mwisho ndiye wa kumwogopa, maana ni mtu wenu. Kuna ofisi moja nilipopita, barua ya hospitali ya dada mmoja ilipigwa picha hivyo hivyo. Ikafika kwenye kundi la watumishi kabla hata hajamaliza matibabu. Aliomba uhamisho akaondoka, na aliyepiga picha hakuulizwa neno. Mpaka leo linaniuma.

Sasa sheria ipo. Faragha imo katika Katiba, ibara ya 16, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa iliyochukuliwa kwa ajili ya ajira itumike kwa ajira. Ukibanwa na mkubwa, itaje sheria hiyo bila woga, kisha mwombe akuandikie anachotaka na sababu yake. Utashangaa wangapi hawarudi.

Kila karatasi ipe namba ya folio, yaani namba ya mfuatano ndani ya jalada, siku ileile inapoingia, ili ikichomolewa pengo lionekane. Jalada likitoka, liandikwe limekwenda kwa nani, na ulifuatilie. Anayehitaji tarehe ya kuajiriwa mpe tarehe, usimkabidhi jalada zima akaanza kujisomea. Mambo ya nidhamu na ya afya yakae masijala ya siri. Nywila ya mfumo usimpe mtu, hata yule anayekwambia yake imegoma na bosi anasubiri.

Ila usije ukamfungia mwenye jalada mwenyewe. Hili wenzetu wengi wanalikosea: mgeni anaachiwa, mwenyewe anafukuzwa kaunta. Ana haki ya kujua tumeandika nini juu yake na kudai kosa lisahihishwe. Jina likipishana herufi moja kati ya cheti na barua ya ajira, ni yeye atakayehangaika na mafao akistaafu, si sisi. Kwa sababu hiyohiyo usikubali majalada ya zamani yachomwe ati kabati limejaa. Hilo si la kuamuliwa na mtu mmoja hapo ofisini. Waulize Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Niandikie upesi uniambie ufunguo wa kabati la siri hapo kwenu anakaa nao nani, na kama kuna daftari la kusaini anayelifungua. Kama halipo, lianzishe wiki hii, usingoje kuagizwa. Wabusu watoto.

Shoga yako,
Zubeda