Kubadili bampa na injini ya MGB: panga zote mbili kabla hujashika grenda

Mteja anayetuletea MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, hapa gereji yetu ya Unga Limited, Arusha, mara nyingi anataka mambo mawili: bampa nyeusi za raba zitoke ziwekwe za kromu, na injini iongezwe nguvu. Anataka tuanze na bampa, tupige rangi, halafu injini tutaiona mbele ya safari. Tunamwomba asifanye hivyo. Kwenye gari hili bampa, kimo kutoka ardhini, stelingi na injini vinategemeana, na rangi ikishapigwa, kila kipimo kilichosahaulika kinalipiwa upya.

Kwanza tunauliza gari ni la mwaka gani. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na injini yake ya kawaida muda wote huo ilikuwa ya silinda nne, cc 1798. Mwishoni mwa 1974, ili gari liendelee kuuzwa Marekani ambako sheria za bampa zilikuwa zimekazwa, kiwanda kilifunga bampa kubwa za raba zenye chuma ndani na kuinua gari kwa kama milimita 25. Likawa zito puani na linalala kwenye kona. Modeli za 1977 zilipofungwa stabilaiza (fimbo za kuzuia gari kulala) mbele na nyuma, mwenendo ukatulia. Kama lako ni la 1975 au 1976, weka stabilaiza kwenye bajeti kabla ya kuwaza kromu.

Bodi la raba, yaani la gari lililotoka na bampa za raba, linadharauliwa bure. Kati ya 1973 na 1976 kiwanda kilitoa MGB GT V8, magari 2,591, yenye injini ya Rover ya silinda nane (V8), cc 3528 na nguvu ya farasi 137. Injini hiyo ni ya aluminiamu, kwa hiyo uzito wake haupishani sana na ile ya silinda nne yenye bloku ya chuma. MGC, ndugu wa MGB, ya 1967 hadi 1969 ilifungwa silinda sita nzito za chuma, na ikalaumiwa kwa pua isiyotaka kukata kona. Kilicho muhimu kwako ni kwamba bodi za raba zilitoka kiwandani na chumba cha injini kinachopisha V8. Mwenye gari la kromu la zamani atakata na kuchomelea. Mwenye la raba ana kazi ndogo zaidi.

V8 hiyo ni ndugu wa ile ya Range Rover na Discovery za zamani. Arusha, mji ulioandaa tamasha la Land Rover Oktoba 2024, haikosi fundi anayeitambua kwa mlio tu. Hata hivyo usifunge injini ya Range Rover na kabureta zake zilivyo, maana boneti haitafunga. Kiwanda chenyewe kilitengeneza manifodi (bomba linaloshika kabureta) maalumu ili kabureta zikae nyuma. Na difu ibadilishwe: ya kawaida ina uwiano wa 3.9, ya V8 ilikuwa 3.07. Ukibaki na ile ya kwanza, injini italia njia nzima hadi Boma Ng'ombe.

Vijana wanatuuliza kuhusu injini ya Toyota Altezza. Ni injini nzuri na spea zake zinapatikana. Kabla ya kununua, tunapima sampo inavyokaa juu ya krosimemba (chuma kinachokingama chini ya injini), kichwa cha injini kinavyoikaribia boneti, giaboksi inavyoingia kwenye handaki la sakafu, na mahali pa kontrol boksi na waya zake. Injini ya mtumba iliyolipiwa kabla ya vipimo hivyo inaweza kukaa kwenye kona ya gereji mwaka mzima.

Maoni yetu ya wazi: wengi wenu hamhitaji injini nyingine. Magari yaliyopelekwa Marekani miaka ya mwisho yalikuwa na kabureta moja na nguvu ya farasi 62 hivi, wakati injini hiyohiyo ya mwanzo ilitoa 95 kwa kabureta mbili za SU. Rudisha SU mbili, fungua eksosi, panga taimingi. Kumbuka pia Arusha iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hewa nyepesi ya huku haihesabiwi kwenye vitabu vya Uingereza, kwa hiyo kabureta tunaziseti hapahapa.

Bampa zenyewe ni kazi ya bodi. Indiketa za mbele za gari la raba zimo ndani ya bampa. Ukilitoa, zinaondoka nalo. Fenda za mbele lazima zipokee taa mpya chini ya taa kubwa, shoo na kipande cha chini yake vibadilishwe, na nyuma, kona za fenda chini ya taa zikatwe na kuchomelewa umbo la zamani. Kimo tunashauri kibaki au kishuke kidogo tu kwa springi. Ukileta krosimemba ya zamani ili gari lilale chini, mpango wa stelingi unaharibika kwa V8, na matuta ya Usa River na Kikatiti yatakukwangua eksosi.

MGB haina chesisi ya peke yake kama Land Rover. Nguvu iko kwenye maboksi ya chini ya milango. Piga jeki katikati ya ubavu na utazame mwanya wa mlango na fenda ya nyuma. Mwanya ukipungua, kutu imeshakula ndani, na hapo ndipo kazi inaanzia.

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, hivyo injini mpya inamaanisha kwenda TRA kurekebisha kadi, na kuijulisha bima.

Kabla ya kuleta gari, tutumie picha za namba ya chesisi, chumba cha injini, maboksi ya chini ya milango na kona zote nne. Tutakujibu kwa mpango wa kazi na makadirio, injini kwanza, rangi mwisho.