Barua ya wazi kwa vijana wa maabara za kemia: itilieni shaka chupa kwanza

Wanangu mnaosomea uzamili wa kemia ya oganiki,

Nawasikia mkizungumza kwa shauku juu ya kuachana na paladiamu, metali ghali inayochochea mmenyuko wa Suzuki, na sina nia ya kuwavunja moyo. Mmenyuko huo, unaounganisha kaboni na kaboni, ulimpatia Akira Suzuki sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2010, na kwa njia hiyo kampuni ya Merck ilitengeneza losartan, dawa ya shinikizo la damu ambayo wazee wenzangu wengi huimeza kila siku. Atakayeufanya bila metali atapunguza gharama kubwa, na ndiyo maana habari za namna hiyo huaminiwa upesi.

Mwaka 2003 kundi la mkemia Nicholas Leadbeater lilitangaza kwamba mmenyuko huo unakwenda ndani ya maji, kwa joto la mikrowevu, bila metali yoyote. Mwaka 2005 watafiti hao wakaeleza kwamba sodiamu kaboneti, chumvi waliyoinunua na kuitia katika mmenyuko, ilikuwa na paladiamu, sehemu 50 hivi katika kila bilioni, na kwamba kiasi hicho kilitosha kuifanya kazi yote. Nawaheshimu, kwa kuwa walijisahihisha wenyewe. Hata hivyo, mwaka 2021 jarida la Nature Catalysis likachapisha habari za kichocheo kingine kisicho na metali, cha jamii ya amini, yaani misombo ya kaboni yenye nitrojeni. Makundi mengine yalipokichunguza yaligundua kwamba kilitengenezwa kwa hatua inayotumia paladiamu, na mabaki yake hayakuondoka katika usafishaji. Makala iliondolewa mwaka huohuo.

Sasa vitazameni vijiti vya sumaku mnavyokorogea. Tefloni yake nyeupe hukwaruzika, na ndani ya mikwaruzo hiyo metali ya jaribio lililopita hubaki hata mkisugua. Kundi la Valentine Ananikov wa Moscow lilionyesha jambo hilo mwaka 2019 kwa hadubini ya elektroni. (Kijiti kinachorithishwa kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi kina historia ndefu kuliko daftari la maabara.)

Kwa hiyo, kabla hamjampelekea msimamizi matokeo, rudieni jaribio kwa chombo kipya, kijiti kipya na kemikali za muuzaji mwingine, kisha ombeni sampuli ipimwe metali, hata kama mashine iko chuo cha jirani na foleni ni ndefu.

Wala msione haya mkikuta uchafu. Mwaka 1986 kundi la mkemia Nozaki na lile la mkemia Kishi, kila moja kwa upande wake, lilitambua kwamba mmenyuko wao wa kromiamu ulitegemea nikeli kidogo iliyokuwemo katika chumvi waliyonunua. Wakaanza kuitia nikeli kwa makusudi, na leo mmenyuko huo hutumika kutengeneza eribulin, dawa ya saratani ya matiti.

Ni mimi, mzee wenu.